Tottenham, Kijiji cha Njia Kuu

Aliyesoma Kenya, Uganda au Tanzania kati ya miaka ya 1950 na 1980 huenda anaikumbuka mashine moja iliyokaa kwenye kona ya ofisi ya mwalimu mkuu. Maswali yalipigwa taipu kwenye stensili, stensili ikavalishwa kwenye pipa, mtu akazungusha mpini, na karatasi za mtihani zikaanza kutoka mojamoja, wino haujakauka. Kwa mashine za namna hiyo parokia zilitoa nyimbo za Pasaka, vyama vya ushirika vikatoa taarifa za wanachama, na wenye neno la siri wakatoa vikaratasi vya usiku. Nyingi zilikuwa na jina moja ubavuni: Gestetner. Kiwanda chake kilifunguliwa mwaka 1906 Tottenham Hale, kaskazini mwa London, na David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria, na kwa miongo mingi kiliwapa kazi maelfu ya watu.

Kwa hiyo Tottenham ilifika madarasani kwetu kabla televisheni haijatuletea mechi zake. Siku hizi ukilitaja jina hilo kwenye kijiwe cha Dar es Salaam au Mombasa, jibu ni Spurs, na papo hapo kejeli za mashabiki wa Arsenal. Lakini mahali penyewe ni pa kale kuliko mpira, na historia yake haifanani na ile ya London ya majumba ya kifalme. Ni historia ya kijiji kilichokaa kando ya njia, kikapokea waliokosa nafasi mjini, na hao wakajitengenezea wenyewe kile walichonyimwa.

Ramani yake ni rahisi. Tottenham iko kilomita kama 10 kaskazini mwa Charing Cross, pale Waingereza wanapoanzia kupima umbali kutoka London. Mashariki unapita mto Lea na nyasi zake za kinamasi, na ng'ambo kuna mabwawa ya maji ya Walthamstow. Magharibi ardhi inapanda taratibu kuelekea Muswell Hill. Katikati, kutoka kusini kwenda kaskazini, imepita barabara ya High Road, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya Warumi iitwayo Ermine Street, iliyotoka London kwenda Lincoln na York. Kijiji kilijipanga kando ya njia hiyo kama maduka ya Chalinze yanavyojipanga kando ya barabara ya Morogoro: kirefu, chembamba, uso umewaelekea wasafiri.

Uko pia mto wa pili, ambao mgeni hauoni. Moselle unaanzia Muswell Hill, unateremka hadi Tottenham na kuingia Lea. Jina lake halina udugu na mto wa Ufaransa na Ujerumani; limetoka kwa Mosse Hill, jina la zamani la Muswell Hill. Mto huo ulizoea kufurika na kuingia majumbani, na kadiri nyumba zilivyoongezeka ukafunikwa kipande kwa kipande hadi ukawa mfereji wa chini ya ardhi. Utarudi tena mbele ya habari hizi.

Katika daftari la mali la Mfalme William la mwaka 1086, kijiji kimeandikwa Toteham, na mwenye ardhi ni Judith, mpwa wa mfalme mwenyewe. Kwa njia ya ndoa na urithi ardhi hiyo ikaangukia mikononi mwa ukoo wa kifalme wa Uskoti, na sehemu yake ikawa ya akina Bruce. Mwaka 1306 Robert Bruce alipojitawaza mfalme wa Uskoti, Edward wa Kwanza wa Uingereza akamnyang'anya mali zake zote za kusini, Tottenham ikiwamo. Ndiyo maana nyumba kubwa ya hapo inaitwa Bruce Castle, ingawa si ngome wala hakuna Bruce aliyepata kulala ndani yake. Nyumba inayoonekana leo ilianza kujengwa karne ya 16, ukoo huo ukiwa umeondoka zamani.

Mtu wa kwanza kuiandikia Tottenham historia yake alikuwa kasisi wa parokia, na msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama naye kidogo. William Bedwell alilihudumia kanisa la All Hallows, nyuma ya Bruce Castle, tangu 1607 hadi alipofariki mwaka 1632. Alikuwa mmoja wa wanazuoni walioitafsiri Biblia ya Mfalme James iliyotoka 1611. Mapenzi yake hasa, hata hivyo, yalikuwa Kiarabu. Wakati Uingereza nzima ilikuwa na watu wa kuhesabika waliokisoma, yeye alitumia miaka na miaka kukusanya kamusi kubwa ya Kiarabu ambayo haikupata kuchapishwa. Aliwahimiza wenzake wajifunze lugha hiyo kwa hoja kwamba ndiyo iliyotumika katika dini, diplomasia na biashara kutoka visiwa vya Atlantiki hadi bahari ya China. Ndani ya umbali huo zimo Lamu, Mombasa, Kilwa na Unguja. Mwanafunzi wake, Edward Pococke, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukalia kiti cha uprofesa wa Kiarabu kilichoanzishwa Oxford mwaka 1636. Mwalimu alibaki kijijini, na mwaka 1631 akatoa kitabu kidogo chenye maelezo ya Tottenham pamoja na shairi la kale la kuchekesha, ambamo wanakijiji wanajifanya mashujaa wa farasi na kupigana wakimgombea binti wa msimamizi wa shamba. Kwamba kasisi huyo aliweza kubeba Kurani, Biblia na mzaha wa wakulima katika kichwa kimoja ni jambo linalostahili kujulikana zaidi ya linavyojulikana sasa, hata Tottenham kwenyewe.

Kijiji cha Bedwell kiliishi kwa wasafiri. Kilikuwa na nyumba za wageni, mazizi ya farasi na bia. Izaak Walton alipotunga kitabu chake maarufu cha uvuvi wa ndoana, kilichotoka 1653, aliwafanya wahusika wake wakutane asubuhi kwenye kilima cha Tottenham wakielekea mto Lea. Mnara wa msalaba, High Cross, ulikuwa tayari umesimama kando ya barabara. Ulijengwa kwa matofali karibu mwaka 1600 mahali palipokuwa na msalaba wa mbao, na lipu na mapambo yake ni ya 1809. Wageni wengi huudhania kuwa mmoja wa misalaba ya Malkia Eleanor. Sio.

Kusini kidogo, penye uwanja wa Page Green, ilikuwapo miti saba ya jamii ya elmu iliyozunguka mjozi mmoja. Watu wakaiita Madada Saba, Seven Sisters, na jina likahamia kwenye barabara, kisha kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichofunguliwa 1968. Miti yenyewe ilikufa na kupandwa upya zaidi ya mara moja. Ya sasa ilipandwa 1997.

Kufika mwisho wa karne ya 18, kijiji kilikuwa kimejaa nyumba za wafanyabiashara waliotaka hewa safi bila kuwa mbali na fedha za mjini. Wengi wao walikuwa Marafiki, yaani Waquaker, dhehebu ambalo watu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanaliita la kwao tangu misheni ya mwaka 1902. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imewafungia milango. Hawakula kiapo na hawakulikubali Kanisa la Uingereza, kwa hiyo shahada za Oxford na Cambridge hazikuwa zao, wala vyeo vya serikali. Wakageukia biashara na sayansi, wakafungua shule zao, wakaangaliana wenyewe kwa wenyewe.

Mfano mzuri ni Priscilla Wakefield, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyezaliwa Tottenham mwaka 1751. Mwaka 1798 alianzisha chama cha akiba cha wanawake na watoto wa kijiji. Mwanachama alitoa kiasi kidogo kila mwezi, na akiugua au akizeeka, chama kilimshika mkono. Miaka michache baadaye ikafuata benki ya akiba ya watu wa kipato cha chini, miongoni mwa za mwanzo kabisa Uingereza. Mama yeyote mwenye kitabu cha VICOBA au anayecheza upatu angeuelewa mpango huo kabla haujamaliza kuelezwa.

Jirani yake wa baadaye alikuwa Luke Howard, mfamasia aliyependa kuangalia juu. Mnamo Desemba 1802 alisoma mbele ya marafiki zake wa sayansi mjini London mada iliyoyapa mawingu majina ya Kilatini: cirrus, cumulus, stratus, nimbus. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na mavundevunde na ghubari zamani, na kila taifa lilikuwa na yake. Alichofanya Howard ni kuwapa watu wa nchi mbalimbali majina ya pamoja, na hayo ndiyo yanayotumika hadi leo katika kila kituo cha hali ya hewa, Nairobi kama London. Kazi iliyomlisha ilikuwa dawa. Kampuni ya familia yake ilipata sifa kwa kutengeneza kwinini, na mwanawe John Eliot Howard, naye mkazi wa Tottenham, alitumia maisha yake kuchunguza magome ya mti unaotoa dawa hiyo. Howard alifariki mwaka 1864 katika nyumba namba 7, mtaa wa Bruce Grove. Kibao cha buluu ukutani kinamtaja kwa ufupi kama mtu aliyeyapa mawingu majina.

Marafiki hao hao walikuwa mstari wa mbele dhidi ya utumwa. William Forster, mzaliwa wa Tottenham, alivuka bahari akiwa mzee kwenda kuwasihi magavana wa majimbo ya Marekani wauache, na akafia Tennessee mwaka 1854 katikati ya safari hiyo.

Bruce Castle nayo ilipata maisha mapya mwaka 1827 ilipogeuzwa shule na akina Hill, familia ya walimu kutoka Birmingham. Shule yao haikuwa na viboko. Wanafunzi walijiwekea sheria na makosa yakaamuliwa na baraza la wenzao, jambo ambalo shule nyingi za bweni Afrika Mashariki bado zingeliona la ajabu. Mwalimu mkuu wa kwanza, Rowland Hill, aliwaachia ndugu zake shule miaka michache baadaye, na mwaka 1837 akatoa kijitabu kilichopendekeza kuugeuza utaratibu wa posta juu chini. Wakati huo mpokeaji ndiye aliyelipia barua, na bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Maskini aliikataa barua mlangoni kwa kukosa fedha. Hill akataka mtumaji alipe mapema, bei moja nchi nzima, peni moja. Mei 1840 stempu ya kwanza ya kubandika duniani, Penny Black, ikaanza kutumika. Miaka 50 baadaye stempu za Uingereza zilikuwa zikigongwa jina la kampuni ya Imperial British East Africa kwa ajili ya barua za Mombasa. Bruce Castle leo ni makumbusho, na posta ina chumba chake humo.

Kilichokiua kijiji ni treni. Reli ya kwanza ilipita bonde la Lea mwaka 1840 bila kubadili mengi. Ile ya 1872, iliyopita Seven Sisters, Bruce Grove na White Hart Lane, ndiyo iliyofanya kazi. Kampuni ya Great Eastern ilihitaji kubomoa nyumba za maskini ili kuingiza reli hadi Liverpool Street, na Bunge likaibana: ikiwafukuza watu, iwape tiketi ya wafanyakazi, alfajiri, peni mbili kwenda na kurudi. Maelfu wakahamia kule tiketi ilikowafikisha. Bustani za matajiri zikakatwa viwanja, nyumba za matofali zikapangwa bega kwa bega, na matajiri wakafungasha. Meneja wa kampuni hiyo hiyo ya reli alikwenda mbele ya tume ya serikali mwaka 1884 na kusikitika kwamba Tottenham, zamani mahali pa familia za heshima, ilikuwa imeharibiwa na treni hizo. Hakuonekana kukumbuka nani alikuwa akiziendesha. Kufika 1901 wakazi walipita laki moja.

Miongoni mwa watoto wa kipindi hicho cha mpito ndimo ilimotoka klabu ya mpira. Mwaka 1882 wavulana wenye timu ya kriketi iitwayo Hotspur walitaka cha kufanya majira ya baridi. Jina walilichukua kwa Henry Percy, mpiganaji wa karne ya 14 aliyepewa lakabu ya Hotspur kwa pupa yake vitani. Ukoo wa Percy ulikuwa na ardhi Tottenham. Inasimuliwa kwamba vikao vya mwanzo vilifanyika chini ya taa ya barabarani, High Road. Mechi zilichezwa kwenye nyasi za wazi za bonde la Lea, ambako wakubwa waliweza kuwafukuza uwanjani wakati wowote. Aliyewapa mwavuli ni John Ripsher, mwalimu wao wa darasa la Biblia katika All Hallows, parokia ileile ya Bedwell. Mwaka 1884 waliongeza neno Tottenham kwa sababu barua zao zilikuwa zikipelekwa kwa klabu nyingine iitwayo London Hotspur. Posta ya peni moja, kumbe, ndiyo iliyoipa klabu jina lake kamili.

Septemba 1899 walihamia kwenye uwanja nyuma ya baa ya White Hart, na 1901 wakatwaa Kombe la FA wakiwa nje ya Football League. Tangu ligi hiyo ianzishwe 1888 hakuna klabu nyingine ya nje iliyoweza. Fainali dhidi ya Sheffield United ilikusanya watu zaidi ya 110,000 Crystal Palace, ikatoka sare, na marudiano yakaisha 3 kwa 1. Ripsher hakufaidi. Alifariki 1907 katika nyumba ya maskini huko Dover, akazikwa kaburi lisilo na jina, na klabu iliyageuza hayo miaka mia moja baadaye kwa kumwekea jiwe.

Mwaka 1909 Spurs ilimsajili Walter Tull, yatima aliyelelewa katika kituo cha watoto mashariki mwa London, mjukuu wa watumwa wa Barbados. Alikuwa mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza kabisa katika ligi ya Uingereza. Mashabiki wa Bristol walimtukana kwa rangi yake kiasi cha magazeti kuandika kwa aibu. Muda si mrefu akawekwa kwenye timu ya akiba, kisha akauzwa Northampton. Vita vilipokuja alipandishwa cheo hadi afisa, wakati kanuni za jeshi hazikutaka mtu mweusi awaamuru weupe. Aliuawa Ufaransa Machi 1918 na mwili wake haukupatikana.

Mwaka uleule wa 1909, Januari, wakimbizi wawili kutoka Latvia walipora mishahara ya kiwanda cha mpira Tottenham wakakimbia huku wakifyatua risasi. Walifukuzwa kilomita kama 10, kwa miguu, kwa tramu waliyoiteka na kwa gari la maziwa. Askari William Tyler na mtoto wa miaka 10, Ralph Joscelyne, waliuawa. Mitaa ilijaa watu siku ya mazishi, na magazeti yakazidi kudai wageni wazuiwe kuingia nchini. Wakati huohuo, hatua chache tu kutoka hapo, Gestetner mhamiaji alikuwa akiajiri.

Viwanda ndivyo vilivyoibeba Tottenham kwa nusu karne iliyofuata. Harris Lebus, familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani, walikuwa na kiwanda cha samani kando ya Lea kilichohesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Katika vita kuu ya pili mafundi seremala wake waligeuka wajenzi wa ndege za mbao. Viwanda hivyo vilipoanza kuita wafanyakazi baada ya vita, waliokuja walitoka Jamaika, Barbados, Guyana, Saiprasi, kisha Ghana na Nigeria. Na vilipofungwa, kimoja baada ya kingine, waliobaki bila kazi walikuwa haohao.

Hapa ndipo mto unaporudi. Mwaka 1967 halmashauri ya Haringey, iliyoziunganisha Tottenham, Hornsey na Wood Green miaka miwili kabla, ilianza kujenga mtaa wa magorofa wa Broadwater Farm kwenye ardhi ya maji ya Moselle. Kwa hofu ya mafuriko, majengo yote 12 yaliinuliwa juu ya nguzo. Chini kukawa maegesho ya magari, juu kukawa vijia vya kuunganisha jengo na jengo. Michoro ilipendeza. Maisha yalikuwa mengine: giza chini, korido zisizo na mwenyewe juu, na kodi iliyopelekea wenye uwezo kuhama. Wakazi hawakukaa mikono kifuani. Mwaka 1981 Dolly Kiffin, mama mwenye asili ya Jamaika, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha vijana kilichopikia wazee, kikaendesha dobi na kulea watoto. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, aliutembelea mtaa Februari 1985.

Oktoba ya mwaka huohuo mtaa ukawaka. Tarehe 5 Cynthia Jarrett, mkazi wa Tottenham, alianguka na kufa wakati polisi wakipekua nyumba yake. Kesho yake usiku vijana na polisi walipambana Broadwater Farm, na askari Keith Blakelock akashambuliwa na kuuawa. Wanaume watatu walifungwa maisha mwaka 1987. Hukumu hizo zilifutwa 1991 baada ya kuonekana ushahidi wa polisi haukuwa wa kuaminika. Hakuna mwingine aliyetiwa hatiani. Familia mbili zilibaki na msiba usio na jibu, na mtaa ukabaki na jina baya ambalo hata watoto waliozaliwa baadaye wamelibeba kwenye barua za kuomba kazi.

Kiongozi wa halmashauri wakati huo alikuwa Bernie Grant, mzaliwa wa Guyana, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi ya aina hiyo Uingereza. Maneno yake makali kuhusu polisi yalimfanya aandamwe na magazeti kwa miaka. Watu wa Tottenham walijibu kwa kumpeleka bungeni Juni 1987, na kwenye ufunguzi rasmi wa bunge aliingia na vazi la Kiafrika. Miaka ya 1990 aliongoza harakati za kudai fidia ya utumwa na ukoloni, muda mrefu kabla hoja hiyo haijakubalika mezani. Alifariki Aprili 2000, na David Lammy, kijana wa Tottenham mwenye wazazi kutoka Guyana, akachukua kiti chake. Julai 2024 akawa waziri wa mambo ya nje.

Mwaka 2007 kituo cha sanaa chenye jina la Grant kilifunguliwa Tottenham Green, mahali palipokuwa na mabafu ya umma. Msanifu wake ni David Adjaye. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, baba yake akiwa mwanadiplomasia wa Ghana.

Moto haukuwa umekwisha. Tarehe 4 Agosti 2011 polisi walimpiga risasi na kumuua Mark Duggan, aliyekulia Broadwater Farm, karibu na Tottenham Hale. Siku mbili baadaye ndugu na majirani waliandamana hadi kituo cha polisi kutaka maelezo. Hawakuyapata. Usiku huo High Road iliungua, na vurugu zikasambaa hadi Birmingham na Manchester. Posta iliteketea, na jengo kubwa la kona la miaka ya 1930, ambalo familia zililala ghorofani juu ya duka la mazulia, likabaki kuta tupu. Baada ya hapo fedha za ujenzi zikaanza kumiminika, kubwa kuliko zote zikiwa za uwanja mpya wa Spurs wa watu 62,850, uliofunguliwa Aprili 2019. Uwanja ni mzuri. Lakini mwenye kibanda cha nywele hapo jirani anaupima kwa kodi ya pango.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtu wake ndani ya hadithi hiyo. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, alijiunga na Spurs Juni 2016, na Februari 2018 alifunga Anfield bao la shuti kali ambalo wapenzi wa klabu bado wanalirudia. Juni 2017 viongozi wa Ubungo, Dar es Salaam, walimheshimu kwa kuipa barabara moja jina lake. Kibao kikaondolewa karibu mara moja, kwa malalamiko kwamba wako Watanzania wanaostahili kwanza. Wanyama aliendelea na kazi yake hadi alipohamia Montreal Machi 2020.

Ukiingia West Green Road leo utakuta ndizi za kupika, samaki wakavu, mihogo na saluni zisizofunga mapema. Kituruki na Kihispania vinasikika. Kwa Wakongo, ambao ni wengi huku kaskazini mwa London, Lingala hutangulia Kiswahili. Wasomali nao wapo. Soko la ndani la Seven Sisters, lililoshikwa zaidi na wafanyabiashara wa Amerika Kusini, lilipigania jengo lake karibu miaka 15 dhidi ya mpango wa kulibomoa, na Agosti 2021 kampuni ya ujenzi ikajitoa. Na kule juu, Muswell Hill, ambako Moselle unaanzia, ndugu zetu wa Barawa wanaozungumza Chimwini, lahaja ya Kiswahili, walikuwa na kituo chao cha dini na elimu. Kiliteketea Juni 2013 kwa moto ulioshukiwa kuwa wa makusudi. Ramadhani ilipoingia mwezi uliofuata, sinagogi moja la Finchley liliwafungulia milango wasali na kufuturu humo.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho, apande treni ya Liverpool Street na ashuke Bruce Grove. Nyumba ya Howard iko karibu na kituo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Bruce Castle, ambako kuingia ni bure, na All Hallows iko nyuma yake. Kisha afuate Lordship Lane kuelekea magharibi hadi bustani ya Lordship, pembeni mwa Broadwater Farm. Hapo Moselle unatokeza juani kwa kipande kifupi kabla haujarudi chini ya barabara.